Kondoo Wangu Wanapaa

Jumatatu, 12 Mei

Dundee. Mvua. Furaha tupu! Dokta Petrie, mwalimu wetu, katangaza kwamba Ijumaa anakuja Bi Lornie, mkuu wa kampuni ya kutengeneza gemu ya hapa mjini. Atacheza gemu zetu zote, kisha atachagua mwanafunzi mmoja wa kufanya naye kazi kiangazi. Mmoja! Darasa zima likageuka kunitazama. Eilidh wa kundi letu anasema walikuwa wanatazama saa iliyo juu ya kichwa changu. Wivu huo.

Mimi Slah Ghorbel sikutoka Sfax, nikaaga jua na kuja kusomea uzamili kwenye baridi hii, ili nafasi aichukue Tadas. Huyu ni Mlithuania, mrefu kama nguzo ya umeme, mpole kupita kiasi. Watu wapole namna hiyo wana lao jambo. Gemu yake ni ya nyambizi. Yetu ni ya kondoo: mchezaji awafikishe kwenye feri kabla mvua haijanyesha. Eilidh, mwenyeji wa hapa, anachora. Mehwish wa Lahore na mimi tunaandika programu. Yaani, Mehwish anaandika. Mimi nina maono.

Leo Mehwish kaniomba kitu kimoja tu: nirekebishe uzito wa kondoo, maana wakigusa ukuta wa mawe wanafyatuka juu kama fataki na hawarudi. Sehemu hiyo niliiandika mimi. Nikamwambia ahesabu limekwisha.

Jumanne, 13 Mei

Kondoo sijawagusa. Nilikuwa na kazi nzito: upelelezi!

Nimekwenda meza ya Tadas nikijifanya nataka kuijaribu gemu yake. Mpango: nicheze ovyo, nipige miayo, nigune, nimvunje moyo. Ole wangu, nyambizi ile! Giza la bahari, taa moja, kitu kikubwa kinapumua nyuma yako... Nikasahau miayo yote. Nikapiga kelele mara mbili. Mwishowe Tadas akaniomba kwa adabu niwapishe na wengine. Tena akanishukuru! Eti nilivyogongagonga miamba kama kipofu, nimemfichulia kasoro ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Keshairekebisha.

Nimemsaidia adui. Chakula cha mchana sikukimaliza. (Kilikuwa pai ya kondoo. Nilihisi wananishtaki.)

Jumatano, 14 Mei

Siku kuu! Mehwish alikuwa kwa daktari wa meno, kwa hiyo kazi ya kuwaalika wanafunzi waijaribu gemu yetu ikaniangukia mimi. Nikaona nisibahatishe. Nikawakaangia frikase za kwetu: kimkate, jodari, yai, na harisa ya mama, pilipili ya kusaga niliyoileta mzigoni. Mtu aliyeshiba hasemi vibaya.

Harisa ilizidi kidogo. Macho yakawatoka machozi, pua zikachuruzika, vidole vyenye mafuta vikateleza kwenye vitufe. Kondoo wakagonga ukuta. Wakapaa! Mmoja, wa pili, kundi zima, wakilia mee mpaka mawinguni. Chumba kikalipuka kwa kicheko. Kijana mmoja wa Glasgow akaanguka kutoka kitini akisema hajawahi kuona gemu kama hii toka azaliwe. Wakauliza nani kabuni.

Nikasimama. Nikasema ni mimi, tena kwa makusudi.

Eilidh kaninong'oneza nimwambie Mehwish. Nikasema nitamwambia. Sikusema lini.

Alhamisi, 15 Mei

Nimechapisha bango. Herufi kubwa: KONDOO WANAOPAA, MBUNIFU SLAH GHORBEL. Jina la Eilidh lipo chini. La Mehwish nalo lipo, ukisogea karibu.

Tadas kalisoma, kanipa mkono, kasema hongera sana mzee. Ananichimba huyu!

Ijumaa, 16 Mei

Acha niandike yote kabla sijapoa.

Bi Lornie kafika. Mwanamke mfupi, koti la mvua, hana maneno mengi. Alipomaliza gemu za wengine wote, kaja kwetu: kasoma bango, kaketi, kampeleka kondoo wa kwanza ukutani. Kondoo kagonga. Kasimama. Kala majani. Wa pili, vilevile. Wakakaa chini wote kama masheikh!

Bi Lornie akauliza wanapaa saa ngapi.

Nikamgeukia Mehwish. Naye kwa sauti ya chini: "Niliwarekebisha jana. Nilikuona umelemewa, nikasema nikusaidie." Kisha akaliona bango. Akasogea karibu. Akalisoma jina lake dogo, akarudi nyuma hatua moja. Hatua ile iliniuma kuliko tusi.

Ningeungama? Nilivuta kompyuta! Nikamwomba mgeni subira, nikafungua programu, nikabadilisha namba moja pale nilipodhani ndipo. Kondoo hawakupaa. Ikapaa Scotland! Vilima, kuta, feri, nyumba ya mchungaji na moshi wake, vyote vikang'oka kwenda juu. Kondoo wakabaki wanaelea mahali pale pale, wanatafuna.

Dokta Petrie akafunika uso. Bi Lornie akacheka mpaka akavua miwani. Akaniuliza nimefanyaje. Nikaanza kueleza habari za ugeni, na ardhi inayomkimbia msafiri. Akaniambia, "Sawa, kaka, nionyeshe mstari wenyewe." Nikautafuta. Nikautafuta tena.

Mehwish akainama, akaunyooshea kidole, akaeleza yote kwa sentensi mbili. Nafasi akapewa papo hapo. Eilidh alimkumbatia akipiga kelele, na mimi, sijui kwa nini, nikapiga kelele zaidi yao.

Nje kwenye mvua nikamwomba radhi. Akasema, "Ungeniambia tu, Slah. Ningewaacha wapae. Walikuwa wanachekesha."

Halafu ajabu! Bi Lornie akanifuata mpaka mlangoni. Akasema hajaona mtu wa kuharibu gemu kama mimi, na kwamba kampuni inahitaji mtu wa kukaa siku nzima akizijaribu mpaka zivunjike. Nije Juni. Nisiguse programu hata kidogo.

Nimeajiriwa!

Jumapili, 18 Mei

Jua limetoka. Nimekutana na Tadas ukingoni mwa mto. Kauliza kazi yangu itakuwa nini hasa. Nikasema hakuna gemu itakayotoka pale bila mimi kuipitisha. Kweli tupu! Akauliza basi mimi ni kama mkurugenzi? Sikukataa. Ingekuwa kiburi kumkatalia mtu.

Akauliza, kwa upole wake ule, kama wanatafuta watu wengine.

Nimemwambia avae tai. Namfanyia usaili Jumatano.