Maji Yangu Alimwagiwa Hans

Jumapili, 14 Machi 1993

Nimependekezwa! Usharika wetu wa Sekei utachagua wazee wa kanisa baada ya Pasaka, na leo jina langu limesomwa mbele ya watu: Philemoni, fundi cherehani. Likafuata la Lesikar, muuza mitumba. Huyu ndiye aliyenimaliza. Siku hizi kila kitu ruksa, marobota ya nguo yanashushwa mjini kila wiki, nami sijashona suruali mpya tangu Krismasi. Nafupisha tu zile alizouza yeye. Lakini uzee wa kanisa hanipokonyi! Mchungaji anataka kila mgombea alete cheti cha ubatizo. Changu kiko kwa Mama. Jambo dogo.

Jumanne, 16 Machi

Nimepanda hadi kwa Mama, juu ya Kikatiti. Nilimkuta akipalilia migomba. Nikampa shikamoo, nikaomba cheti. Akakitoa sandukuni, akanipa, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Nikauliza kuna nini. Akasema sasa mimi ni mtu mzima, naweza kuambiwa.

Heri ningebaki mtoto.

Siku ya ubatizo wangu, mwaka 1952, niliamka na homa kali. Wageni wameshafika, mbuzi ameshachinjwa, pombe ya ndizi imeshaiva. Marehemu Baba akasema haiwezekani kuwarudisha watu. Wakamchukua Hans, mtoto wa baba mdogo, tuliyelingana umri, wakamfunika kwa nguo zangu, wakampeleka kanisani. Mchungaji wa wakati ule akammwagia maji akimwita Philemoni. Na huyo Hans alikuwa ameshabatizwa kwa jina lake mwezi uliotangulia!

Mama alikusudia kunipeleka baadaye. Ukaja msimu wa kahawa. Halafu nikapona, nikanenepa, wakaona Mungu hana neno.

Yaani sijabatizwa. Nimepata kipaimara sijabatizwa. Nimemuoa Anneth kanisani sijabatizwa. Miaka ishirini na mitano nimekula Chakula cha Bwana kama mwizi aliyeingia jikoni.

Jumatano, 17 Machi

Nimewahesabu wanaojua: Mama, Hans aliyesimuliwa na wazazi wake marehemu, na Mungu. Mama hatasema. Mungu namwogopa, lakini hana kawaida ya kusimama kwenye mkutano wa usharika. Amebaki Hans.

Nikarudi Kikatiti na koti nililoshona kwa mikono yangu, ili anyamaze. Hans akaligeuza ndani nje, akalipapasa. Akasema ahsante, ila angependa la mtumba, bitana zake hazichaniki. Kwa hiyo kesho nitakwenda kununua koti kwa Lesikar. Kwa Lesikar!

Hans akasema jambo hili limemsumbua maisha yake yote. Mtu kabatizwa mara mbili, mbona ng'ombe wake wanakufa kama wa wengine? Nikamwambia kama ubatizo wa pili haumfai, anirudishie. Akauliza, kwa njia gani?

Jumapili, 21 Machi

Leo ilikuwa Chakula cha Bwana. Nilipiga magoti madhabahuni kama kawaida. Kikombe kikafika kwa jirani yangu. Nikajifanya nakohoa, nikatoka nje. Nilidhani nje nitapata nafuu. Mvua ikaninyeshea ukutani huku nikiwasikia wakiimba. Wimbo naujua wote, beti zote nne. Sikuthubutu kuuitikia.

Anneth akauliza nina nini. Nikasema kifua. Akanichemshia tangawizi, maskini, nikainywa yote. Lesikar naye akaja kunipa pole. Alinitazama mno.

Jumatano, 24 Machi

Nimepata! Walokole wanabatiza Jumamosi katika Mto Themi. Hawaulizi cheti, wanauliza tu kama umeamua. Nitaingia majini, nitatoka, nitakwenda zangu. Nitakuwa na cheti cha uongo na ubatizo wa kweli. Ukiviunganisha unapata Mkristo mmoja kamili. Lesikar kwisha!

Jumamosi, 27 Machi

Nimemwambia Anneth nakwenda kununua vifungo.

Maji yale yanatoka mlimani, yanakata. Tulikuwa tisa, tumevaa mashuka. Zamu yangu ilipofika, mhubiri akaniuliza kwa sauti kubwa naitwa nani. Nikainua macho. Hatua ishirini chini yetu, Namelok, mke wa Lesikar, anafua mitumba!

Nikataja jina la kwanza lililonijia: "Lomayani."

Mhubiri akapaza sauti: Lomayani, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Akanizamisha. Kule chini kulikuwa kimya. Kwa muda mfupi sana sikuogopa mtu yeyote. Halafu nikainuliwa, watu wakaimba, na Namelok alikuwa amesimama, shati la watu linamchuruzika mkononi.

"Fundi Philemoni," akasema, "pole na baridi."

Nilipofika darajani ndipo nikaelewa nilichofanya. Mara ya kwanza lilibatizwa jina langu bila mimi. Mara hii nimebatizwa mimi bila jina langu. Mtu anawezaje kukosa mara mbili jambo ambalo hata mtoto mchanga analipata amelala?

Na vifungo nimesahau.

Jumapili, 28 Machi

Namelok kamwambia Lesikar, Lesikar kamwambia Mchungaji. Baada ya ibada nikaitwa ofisini. Mchungaji akasema msharika akienda kubatizwa tena huwekwa kando na meza ya Bwana, maana ubatizo ni mmoja. Nikafikiri haraka. Nikisema ule wa Themi ni wa pili, natengwa. Nikisema ni wa kwanza, cheti nilichokwisha kumpa ni cha uongo. Nikatafuta njia ya katikati. Haikuwepo. Nikalia. Nikamwambia yote, ya mbuzi, ya Hans, ya koti.

Mchungaji akakisoma cheti tena. Halafu akauliza, "Huyo mhubiri, alitaja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu?"

"Alitaja. Lakini alimtaja na Lomayani."

"Nani alilowa?"

"Mimi."

"Basi umebatizwa wewe. Unafikiri Mungu alimtafuta Lomayani akamkosa?"

Nikauliza, hata kama nilikwenda kwa hila? Akasema ubatizo ungetegemea unyofu wetu, kanisa zima lingekuwa kavu. Mungu ndiye anayemshika mtu. Mtu analeta kichwa tu.

Nikafuta machozi, nikauliza, basi ugombea wangu unaendelea? Akanitazama kwa huzuni kubwa. Hauendelei. Na Jumapili ijayo nitasimama niwaeleze washarika kwa kinywa changu. Nikaomba iwe kwa barua. Akakataa. Akasema pia nimwambie Anneth leo hii.

Nimemwambia. Anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Jumapili ya Mitende, 4 Aprili

Nilikuwa nimeandaa maelezo mazuri. Kosa lote lilikuwa la Hans. Nikasimama, nikaanza na Hans, alivyokuwa mtoto mwenye tamaa tangu akiwa na miezi mitatu. Kabla sijafika mbali, upande wa akina mama akasimama mtu. Mama! Amevaa kitenge cha sikukuu, viatu vimejaa tope la huko juu. Sikuwa nimemwita.

Akasema Hans hana kosa. Ni yeye Mama aliyewaogopa mumewe na wageni kuliko alivyomwogopa Mungu. Akasema kila nilipougua, miaka arobaini hii, aliomba nisife kabla hajapata nguvu ya kusema. Na aliposema alicheka, kwa sababu angelia nisingemwelewa.

Karatasi ya maelezo ikaniponyoka. Nikasema kila kitu, hadi Lomayani. Nyuma mtu akacheka, kisha kanisa zima likacheka, Lesikar kuliko wote. Nilitamani sakafu ipasuke. Anneth hakucheka. Lakini niliporudi benchini, alijisogeza kunipisha.

Ijumaa Kuu, 9 Aprili

Nimepokea Chakula cha Bwana. Mama kushoto, Anneth kulia. Kikombe kilipokaribia, sikukohoa wala sikutoka. Sina la kuandika zaidi.

Jumatatu ya Pasaka, 12 Aprili

Lesikar kachaguliwa. Kura zote! Hata Anneth kampa, anasema ni mtu asiye na mambo mengi. Namelok amegawa maandazi. Nimekula mawili, yalikuwa matamu, na hilo nalo limeniuma. Duka halina mteja. Mtaa mzima unaniita Lomayani. Nimekaa mlangoni tangu saa nane nikitazama mvua, sioni mbele.

Saa kumi akapita Diana, mwalimu wa kwaya. Anasema usharika rafiki wa Ujerumani umealika kwaya yetu, watasafiri Septemba, na wamepungukiwa sauti ya nne, ile nzito ya wanaume. Kila atakayejiandikisha atapimwa sauti Jumatano.

Kuimba sijui. Nikiimba, Anneth hufunga dirisha. Lakini Jumatano nitakwenda na bandeji shingoni, niseme daktari amenikataza kutoa sauti mpaka mwisho wa Agosti. Baada ya hapo majina yatakuwa yameshapelekwa. Na tukifika Ujerumani nitafungua mdomo wanapofungua, nitafunga wanapofunga. Watu arobaini wakiimba pamoja, nani atajua mmoja amenyamaza?

Nimeshajiandikisha. Jina langu ni la kwanza kwenye orodha.