Baba wa Miaka Saba

Jumatatu, 16 Juni 2025

Balaa! Ustaz Madut wa hisabati ametangaza jaribio la Alhamisi. Atakayepata chini ya nusu ataondolewa mkondo wa Sayansi na kupelekwa Sanaa, mlango wa pili. Aliyasema hayo akiangalia dari. Darasa zima liliniangalia mimi.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ya Rejoice, marehemu mke wangu. Tulijifunza lugha hii tukiwa wakimbizi Kitale, na tuliporudi Juba ikabaki ya ndani ya nyumba. Kiarabu cha Juba kwa majirani, Kiingereza ofisini, Kiswahili kwa sisi wawili. Tangu afariki, mvua za mwaka jana, sina wa kusema naye. Basi nasema na karatasi.

Alikuwa kidato cha tatu, Sayansi, darasa hili hili. Mtu mzima katikati ya watoto, na wala hakuona haya. Jioni akisonga asida, ugali wa huku, ananiambia nimpe sodiamu kloraidi. Siku ya kwanza nilitoka hadi dukani kuiulizia. Kumbe chumvi, na ilikuwa karibu na goti langu.

Mwaka huu niliomba nafasi nimalizie pale alipoachia. Mwalimu mkuu alinihurumia. Hisabati haijanihurumia.

Vijana wananiita Jidu, yaani babu. Nina miaka thelathini na sita!

Kuhamia Sanaa? Sithubutu. Rejoice hakuketi Sanaa hata siku moja. Mpango unahitajika.

Jumanne, 17 Juni

Nimegundua chanzo cha kufeli kwangu. Naketi mahali pabaya!

Rejoice aliketi benchi la pili, dirishani. Sasa yupo Gatkuoth, kijana aliyekuja na wazazi wake kutoka Khartoum wakikimbia vita. Anatafuna kalamu na anapata kila swali. Bila shaka ni benchi lile.

Mpango wa kwanza: nilimnong'oneza kwa upole kwamba nimeona kiota cha nyigu chini ya benchi lake. Nikatarajia akimbie. Akainama, akachungulia, akabandua ubani mkavu uliotafunwa na mtu zamani. Akaninyanyulia mbele ya wote akiuliza, ee Jidu, huyu nyigu wako anauma au anatafunwa? Vicheko hadi darasa la jirani.

Halafu akasogea. Akasema kama nataka kukaa karibu naye si niseme tu, nyigu wa nini? Ila dirisha haliachi, anapenda mwanga.

Nimesogea! Kati yangu na dirisha sasa amebaki Gatkuoth tu.

Kutoka pale nimeona alichokuwa akikiona Rejoice. Tangi la maji, uzio wa mabati, nguo za mama mmoja zimeanikwa. Na mbuzi! Aliwahi kunisimulia kuhusu mbuzi anayekuja kulamba ukuta wakati wa kemia. Alisema anatafuta madini, huyo ndiye mwanakemia wa kweli. Leo alikuja. Nusura nisimame nimsalimie.

Jumatano, 18 Juni

Jaribio ni kesho. Milinganyo bado hainifahamu, nami siifahamu.

Mpango wa pili: kuugua. Nilimwambia Teresina, dada yake Rejoice ninayeishi naye nyumba moja, kwamba mgongo umekatika. Akanitazama. Akasema pole sana, shemeji, basi mgonjwa wa mgongo alale chali bila kuinuka, chakula atakula atakapopona. Halafu akatenga samaki wa mtoni mwenye bamia. Harufu ikaja hadi kitandani.

Mgongo umepona. Nilikula sahani mbili.

Teresina aliniuliza kwa nini nisikubali tu kwenda Sanaa, nina kichwa cha hadithi. Nilisema hapana. Aliosha vyombo, nami nikafuta. Zamani kazi ya kufuta ilikuwa ya Rejoice. Alikuwa akifuta huku akinifananisha na elementi. Mimi argoni, kwa kuwa siungani na mtu. Nilikasirika siku mbili. Leo ningetoa chochote kuitwa argoni.

Alhamisi, 19 Juni

Jaribio limepita. Nimefaulu!

Mpango wa tatu ulikuwa mwepesi kiasi kwamba naona aibu sikuufikiria mapema. Gatkuoth yuko kushoto kwangu. Anaandika majibu safi upande wa dirisha, na anapiga hesabu za haraka pembeni, upande wangu. Mwandiko wake wa haraka ni mbaya kidogo, una vijiduara na mikwaju, lakini tarakimu ni tarakimu.

Sikuiba. Nilisoma kwa macho ya jirani. Nilinakili kila kitu, sikuacha hata nukta.

Nimerudi nyumbani kwa miguu nikipiga mluzi. Mvua imenikuta njiani, sikujali. Nilitamani kufungua mlango na kusema, Rejoice, nimebaki darasani kwako. Nikafungua mlango. Nikasema. Teresina alikuwa sokoni, kwa hiyo hakuna aliyesikia.

Ijumaa, 20 Juni

Aibu. Aibu tupu.

Ustaz Madut aliniita mbele na karatasi yangu. Swali la tatu lilisema baba na mwanawe wana jumla ya miaka 71, na baba amemzidi mwana miaka 41. Tafuta umri wa kila mmoja. Ustaz akasoma jibu langu kwa sauti ya msomaji wa habari. Kwa mujibu wa Lemi, ndiye mimi, baba ana miaka saba. Mwana ana kumi.

Akataka kujua ni nani aliyembeba mwenzake mgongoni.

Darasa likafa kwa kicheko. Mmoja akauliza kama baba ameshaota meno. Ustaz akauliza pia kwa nini nimeandika saba kama 07, ni umri huu au namba ya simu? Nikasema nilitaka kuwa makini.

Gatkuoth akaja kuangalia. Akashika kichwa. Akasema, wallahi, Jidu, hicho si sifuri, ni tano! Kumbe Khartoum walifundishwa hisabati kwa Kiarabu, na akiharakisha hurudi kwenye tarakimu za huko. Tano yao ni kiduara. Sita yao inafanana na saba yetu. Baba alikuwa na 56, mwana 15. Mimi nimeyaona maandishi hayo tangu nirudi Juba, kwenye vibao vya zamani vya magari. Nilidhani ni mapambo.

Ustaz akauliza kwa upole imekuwaje karatasi ya mtu wa Kitale izungumze Kiarabu. Nikasema bahati mbaya.

Baadaye akanifuata nje. Nikajua nafukuzwa. Lakini alisema anamkumbuka Rejoice. Alisema naye alianza kwa kufeli, muhula mzima, ila makosa yake yalikuwa ya kwake mwenyewe. Akanipa nafasi ya kurudia Jumatatu.

Rejoice alifeli! Hakuniambia. Kila jioni aliniambia mambo yamekwenda vizuri. Nimelala nikiwaza uso wake siku hizo, akirudi na karatasi iliyojaa wino mwekundu, akipita getini, akijitengeneza tabasamu kwa ajili yangu. Mwaka mzima sijapata kitu kipya kutoka kwake. Leo nimepata hiki.

Jumamosi, 21 Juni

Gatkuoth amekuja nyumbani mwenyewe. Hana kinyongo. Alisema nyigu na baba wa miaka saba vimemchekesha kuliko chochote tangu atoke Khartoum. Kule shule yao ilikuwa na maabara yenye mabomba ya gesi. Aliyataja mabomba hayo kama mtu anayetaja ndugu zake. Nikamwongezea sukari kwenye chai.

Alitaka kunifundisha milinganyo. Nikamwambia tuanze na la muhimu. Anifundishe zile tarakimu!

Tumesoma kutwa. Sasa nazijua zote. Nukta ni sifuri. Nne inafanana na tatu iliyogeuzwa. Na milinganyo yao inaanzia kulia kwenda kushoto. Jioni nilisoma namba ya lori bovu lililokufa karibu na mtaro, bila kukosea. Gatkuoth alipouliza kuhusu milinganyo nilisema iko siku.

Teresina akauliza jaribio la Jumatatu litakuwa kwa Kiarabu? Nikasema hapana. Akauliza sasa? Nikamwambia mpango huwa hauelezwi. Akasema hata dada yake alikuwa akijibu hivyo hivyo alipochanganyikiwa.

Safari hii sitakosea hata tarakimu moja. Nimejiandaa kikamilifu.

Jumatatu, 23 Juni

Jaribio la marudio ni la waliofeli.

Gatkuoth hakufeli.

Hili sikulifikiria.

Tulikuwa wachache, kila mtu benchi lake. Benchi la pili lilikuwa tupu kabisa. Nikaketi. Nikatazama huku na huku. Nikasogea hadi dirishani. Hakuna aliyenizuia!

Ubao wa pale umelainika mahali pa kiwiko. Huenda ni kiwiko cha Rejoice, huenda cha Gatkuoth, huenda cha wote waliowatangulia. Nikaweka changu. Upepo wa pale ni mwingine. Ukiketi pembeni kabisa unaona na kipande cha barabara, na watu wanaopita. Alikuwa akiniambia amewahi kuniona nikipita, nami nikabisha, nikasema shule haionekani kutoka barabarani. Alisema kweli. Anayeonekana ni mpita njia.

Mbuzi hakuja. Nilimngoja.

Swali la kwanza nililifanya mwenyewe, naamini ni sahihi. Mengine sikuyafikia. Ustaz aliposema muda umekwisha nikamwomba aniongezee dakika chache. Akauliza nimebakiza swali gani. Nikasema sijabakiza swali, nataka dakika tu. Akatazama mahali nilipoketi. Akakusanya karatasi za wengine kwanza, polepole, mmoja mmoja, akamalizia na yangu.

Jumanne, 24 Juni

Swali la kwanza lilikuwa sahihi. Ndilo pekee.

Nimehamishiwa Sanaa. Gatkuoth alinibebea begi hadi mlango wa pili, kama anamsindikiza bibi harusi. Akasema malesh, yaani pole, Jidu, ukuta ni mmoja.

Ni kweli. Nimechagua benchi la nyuma, linalogusa ukuta wa Sayansi. Saa ya kemia nikaegemea. Sauti inapita, maneno hayapiti. Mwalimu wetu wa jiografia aliniuliza kama naumwa shingo. Nikasema ndiyo. Akanihamishia mbele!

Nimemweleza Teresina. Nilidhani atasema alinionya. Alikaa karibu nami kizingitini hadi mkaa ukaisha, kisha akasema na yeye hupita barabara ile ya shule wakati mwingine, ingawa njia ya sokoni ni fupi zaidi.

Alhamisi, 26 Juni

Nina mpango! Ni bora kuliko yote iliyotangulia. Atakayeshindwa Sanaa hawatakuwa na pa kumpeleka ila kumrudisha Sayansi. Mikondo ni miwili tu. Hiyo ni hesabu, na nimeipiga mwenyewe.

Kwa hiyo leo nilifanya jaribio la historia kwa nia ya kufeli. Niliandika chochote kilichokuja kichwani.

Nimekuwa wa kwanza. Mwalimu amesoma insha yangu mbele ya darasa, na wasichana wawili wamefuta machozi. Nimeharibu kila kitu!

Tatizo limeshajulikana. Nikiachiwa mwenyewe najibu sawa. Lakini nimechunguza darasa zima, na kuna kijana mpole aitwaye Mading ambaye tangu Februari hajapata swali hata moja. Ana mwandiko mkubwa, unaosomeka vizuri.

Kesho ni jiografia. Nimeshamwomba anisogezee nafasi kando yake.