Raissa Amekwenda Kuchota Maji

Jumatatu, 4 Mei 1998. Muyinga.

Zaituni kaanguka tena. Njia ya chemchemi inateleza, mvua haijaisha, na magoti yake si yale ya zamani. Kidumu kimepasuka. Nyonga imevimba. Mke wangu huyu ana miaka sitini na kitu, na kila siku anateremka bondeni mara mbili kabla askari hawajafunga njia kwa sababu ya vita.

Na bomba tuliahidiwa. Nilisikia mwenyewe. Mwaka wa tisini na tatu Depite Houssein, wakati ule akiomba ubunge, alisimama juu ya meza yangu ya kushonea viatu, akasema akishinda, maji yatafika hapa hapa. Mtaa mzima ukampa kura kwa sababu mimi, Ilyasi, niliwaambia. Miaka mitano sasa. Yeye kahamia Gitega kwenye nyumba ya ghorofa, sisi tumebaki na alama za viatu vyake mezani.

Waziri, jirani yangu, fundi cherehani asiyejua kunyoosha pindo, kaja kumpa Zaituni pole. Kisha kaniuliza, kwa upole kabisa, kama bomba langu bado liko njiani. Wateja wake wakacheka.

Nimeamua. Naenda Gitega. Depite atanijua.

Jumatano, 6 Mei.

Nimejaza kidumu kidogo maji ya chemchemi, yale ya matope, ili Depite aonje mwenyewe. Akili kama hiyo Waziri hana.

Mabasi yameondoka pamoja, askari mbele, askari nyuma. Kwenye barieri ya tatu, pale wanapofunga barabara kukagua, askari kaona kidumu. Kasema nyie watu wa mpakani, tangu nchi iwekewe vikwazo mnapitisha petroli ya Tanzania tu, fungua hapa. Nikamwambia huo ni ushahidi dhidi ya mkubwa mmoja. Heri hilo neno nisingelisema. Kamwita kiongozi wake. Kiongozi kanusa, kasema petroli haina vyura, lakini kama kweli ni maji, basi muzee anywe.

Nikanywa. Kikombe kizima, bila kufumba jicho. Kasema kingine. Basi lote linanitazama. Nikanywa kingine. Yaliyobaki wakamwaga barabarani, ushahidi wote.

Alhamisi, 7 Mei. Gitega.

Niko mtaa wa Yoba, kwa binti yangu Latifa. Juu ya tumbo sitaandika mengi.

Hata hivyo saa tatu asubuhi nilikuwa getini kwa Depite. Mlinzi kasema Mheshimiwa yuko mkutanoni. Nikasema nitasubiri. Nikasubiri mpaka tumbo likakataa kusubiri. Nikapita mbio, mlinzi nyuma yangu, nikajifungia ndani ya choo cha Depite.

Choo kile kina mabomba matatu. Matatu! Mtu mmoja! Nikayafungua yote, nikayaacha yatiririke, ili ajue kwamba nimeona.

Nilipotoka, Depite mwenyewe kasimama mlangoni, amenenepa, ana taulo mkononi. Kanikumbatia. Kaniita muzee wake wa Muyinga. Kauliza hali ya Zaituni, kwa jina. Hotuba ya ukali nilikuwa nayo, tena ndefu, lakini utamkaripiaje mtu aliyekushikia taulo? Nimetoka na kipande cha sabuni. Ya kunukia.

Sijashindwa. Nilikuwa napeleleza.

Ijumaa, 8 Mei.

Leo nimejua Mungu ananipenda. Jumapili watu wanakuja kumposa Raissa, binti wa Latifa. Mchumba ni Mahmudu, mwalimu, kijana wa adabu. Na Mahmudu ni mtoto wa dada yake nani? Wa Depite Houssein. Na msemaji wao atakuwa nani? Depite Houssein. Na wetu? Baba wa Raissa ni marehemu. Babu yupo.

Kawaida ya posa inajulikana. Wa kiume wanaomba, msemaji wa kike anakataa, anawazungusha, watu wanacheka, mwisho anamtoa binti. Mi huko mwisho sitafika. Hakuna bomba, hakuna Raissa.

Latifa kaniambia, Baba, acha. Kaniuliza na vita hii vijana wa kuoa wamebaki wangapi. Raissa alikuwa anasikia. Kaniongezea chai, kisha kasema, Babu, ukiniharibia, sitakuja kukuzika.

Msichana ana kichwa kigumu. Sijui kakitoa wapi.

Jumapili, 10 Mei.

Uani watu kama mia. Pilau, fanta, mashehe wawili. Depite kasimama na suti yake, kasema katika nyumba hii wameona ua, wamekuja kuliomba.

Nikasema Raissa hayupo. Watu wakacheka. Nikasema amekwenda Muyinga kumchotea bibi yake maji, chemchemi iko mbali, na njia inateleza. Wakacheka zaidi. Depite kasema hawana haraka, watamsubiri.

Nikasema mtasubiri sana, sisi tumesubiri miaka mitano.

Hapo kicheko kikapungua. Nikasema atarudi siku bomba litakapofika, lile ulilotuahidi kwa mdomo wako. Nikakaa. Nikakunja mikono.

Pilau inapoa. Latifa kainamisha uso. Mahmudu kalowa jasho mpaka kwenye kola. Nyuma ya pazia nikamwona Raissa, hatazami wageni, ananitazama mimi tu.

Sikuyumba. Kidogo tu, ndani, lakini hakuna aliyeona.

Ndipo Depite kaja katikati ya uwanja. Kavua kofia. Kasema Muzee Ilyasi ana haki. Kasema mbele ya mashehe na watu wote hawa kwamba bomba litafika. Tena si moja, mawili. Na la pili litakuwa mlangoni kwa muzee mwenyewe. Watu wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele.

Nikasimama polepole. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Nikasema, naona Raissa amerudi.

Nimemshinda. Depite mzima, nimemshinda mbele ya watu mia.

Jumatano, 13 Mei. Muyinga.

Mtaa wote umekuja kunisikiliza. Nimewaonyesha mahali pa bomba la kwanza, kisha la pili. Nimewaambia pia kwamba uchaguzi wowote utakaokuja, kura zetu nimeshampa Depite. Huo ndio uungwana, mtu akikupa nawe unampa.

Waziri kauliza tarehe. Nikamwambia Mheshimiwa haulizwi tarehe kama mteja wa suruali. Kasema hata mwaka ule aliahidi mbele ya watu, tena walikuwa wengi kuliko hao. Nikamwambia mwaka ule hakuwa mkwe wangu. Kaenda kucheka nyumbani kwake. Nyumba ile itachota ya mwisho, nimeshapanga.

Zaituni kasikiliza yote, kasimama mlangoni. Kauliza tu kama Raissa alipendeza. Nikasema sana. Kisha kachukua kidumu cha kuazima, kateremka bondeni, anachechemea.

Nimempigia kelele aende polepole, safari zenyewe zimebaki chache.