Tai Aliyetua Kwenye Kochi

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kihistoria! Kwa kuwa hakuna mwingine wa kuiandika, naandika mwenyewe.

Ukumbi wa mikutano ulioko upande wa pili wa mji unataka viti vyake mia na themanini vivalishwe upya. Sponji mpya, kitambaa kipya, kila kitu. Asubuhi nikaenda mbio kujiandikisha. Nani nimkute mlangoni? Bwana Pasi, fundi makochi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara. Namwita hivyo kwa sababu hata anapong'oa misumari kwenye kochi bovu, shati lake lina mstari wa pasi. Fundi gani hana vumbi? Mimi nina sponji hadi masikioni. Ndiyo cheti changu.

Tumejiandikisha wawili tu. Katibu wa Ukumbi, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alisema kamati itatazama tovuti zetu Alhamisi, na Ijumaa atampigia simu mwenye bahati. Akaniuliza kama ninayo tovuti. Nikamwambia iko kwenye matengenezo. Kweli tupu! Haijatengenezwa. Nikabuni anwani papo hapo, nikaiandika kwa mwandiko wa kibabe. Kwenye nafasi ya namba ya simu nikapiga mstari. Mtu mkubwa hapigiwi ovyo ovyo.

Nikarudi karakanani kifua mbele. Mama Uzi akaniharibia siku. Huyu ni fundi wangu wa cherehani, miaka kumi na miwili sasa, mshono wake umenyooka kuliko barabara yetu. Akasema bila kuinua uso kwamba Bwana Pasi amemwita. Cherehani mpya ya umeme. Na kiti chenye mgongo. Yeye hapa kwangu anakalia ndoo iliyopinduliwa, juu yake kipande cha sponji. Amesema atangoja hadi Jumamosi. Kazi ikiwepo, yupo. Isipokuwepo, anavuka barabara, na nisimnunie.

Nikacheka sana. Kisha nikaenda nyuma, nikakaa juu ya robota la sponji, na huko sikucheka.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwita mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayejua kompyuta. Namwita Profesa. Alifika na kompyuta yake kwapani, akaanza kunihutubia kabla sijamkaribisha. Eti tovuti ya biashara inataka mambo machache: ifunguke haraka hata kwenye simu ya bei rahisi, ioneshe kazi zako mwenyewe, iseme uko wapi, na namba ya simu iwe juu kabisa ambapo hata kipofu ataiona.

Nikamwacha amalize. Ni mtoto wa dada. Kisha nikamweleza ninachotaka mimi.

Kwanza tai. Tai wa dhahabu, anaruka juu ya milima yenye theluji, anazunguka mara tatu, anashuka, anatua kwenye kochi. Profesa akauliza tai anahusiana nini na makochi. Nikamwambia hilo ndilo swali watakalojiuliza wateja, na wakijiuliza, wameshanasa.

Pili muziki. Nimeimba mwenyewe. Mke wangu alikuja kutoka jikoni akidhani nimejipigilia kidole.

Tatu, badala ya namba ya simu, fomu. Maswali thelathini na moja. Namba kumi na tisa inauliza uzito wa atakayekalia. Profesa akashika kichwa. Akasema mjomba, watu watakimbia. Nikamwambia wanaokimbia hawakuwa wateja, walikuwa wapita njia.

Jumatano, 5 Machi

Kazi imenoga. Nimejaza ukurasa unaoitwa Kuhusu Sisi. Matawi manne: karakana, sebule yangu, stoo yangu, na baraza ya mama mkwe ambako nimehifadhi fremu tatu za makochi. Mama mkwe hajui kuwa ni meneja wa tawi. Atafurahi.

Nimeandika pia Idara ya Ushonaji, wataalamu kumi na wawili. Nilimsomea Mama Uzi nikitegemea machozi ya furaha. Akauliza wenzake kumi na mmoja wanaanza lini, maana mapazia ya jirani yetu mwoka mikate bado hayajakunjwa pindo.

Maoni ya wateja: kumi. Niliyaandika mwenyewe kwa mkupuo mmoja, kalamu ilikuwa moto. La saba lilisema fundi huyu, mbali ya ufundi, ni mtanashati. Mke wangu akalisoma mara mbili. Akataka kumjua huyo mteja wa kike. Ilibidi nikiri kuwa ni mimi. Akasema afadhali angekuwa mwanamke, angalau kungekuwa na mmoja anayeona hivyo.

Picha za kazi nimezitoa mtandaoni: makochi ya ikulu, sijui ikulu gani, lakini yana miguu ya simba. Profesa akang'ang'ania tuweke na moja ya kweli. Akapiga picha kiti alichomaliza Mama Uzi jana, kile cha buluu, pale pale mlangoni petu. Aibu! Nyuma yake unaonekana ule mlango uliobabuka rangi, na namba yangu ya simu aliyoichora Mama Uzi kwa rangi nyekundu miaka ile, tarakimu zimeinama kama zinatafuta kitu chini. Nikaamuru picha itolewe. Profesa akasema sawa mjomba, akaipunguza ikawa kama stempu, akaitupa chini kabisa kwenye ukurasa. Nikairuhusu. Nani atafika huko?

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kamati. Nikamwambia mke wangu afungue tovuti kwenye simu yake aone mumewe alivyo mtu. Akabonyeza. Tai akaanza kuruka. Akakwama juu ya mlima wa kwanza. Mke wangu akaiweka simu dirishani, akaosha vyombo, akaanika nguo, akaongea na jirani habari ndefu ya harusi, akarudi. Tai yuko mlima wa pili. Akaniuliza huyu ndege anatoka nchi gani na kama ana nauli.

Wivu. Hata ndani ya nyumba upo.

Nikachungulia tovuti ya Bwana Pasi. Masikini! Ukurasa mmoja. Ilifunguka kabla sijatoa kidole. Anwani, saa za kazi, namba ya simu kubwa kama bango, na picha yake na shati lake. Hana tai. Hana hata njiwa. Nilimwonea huruma kabisa. Nikavuka barabara kumpa pole mapema. Akanishukuru, akanikaribisha nione cherehani mpya. Pembeni yake pana kiti chenye mgongo. Kitupu. Kinangoja.

Nikarudi. Nikamkuta Mama Uzi anafuta ndoo yake vumbi, kama mtu anayeaga.

Ijumaa, 7 Machi

Saa mbili. Kimya.

Saa nne. Kimya. Nimeitikisa simu. Nikampa Mama Uzi namba yangu anipigie nijue kama inaita. Akasema anaijua namba yangu, ndiye aliyeiandika mlangoni. Ikaita. Basi si simu.

Saa sita. Profesa akafika, akaniuliza kwa upole Katibu atanipigia kwa namba ipi. Nikamwambia atajaza fomu. Akauliza fomu inakwenda wapi. Nikasema kwenye barua pepe. Akauliza neno la siri ni lipi. Nikajitia kukohoa.

Saa nane. Nikatoka nje, nikamwona Bwana Pasi mlangoni kwake ameshika simu, anatabasamu. Nikaingia ndani, nikamwambia Mama Uzi kwamba nimekuwa nikimkalisha kwenye ndoo miaka kumi na miwili na mimi ni fundi wa viti. Sijui ilinitokaje. Akasimamisha cherehani. Akasema alikuwa anangoja nione mwenyewe.

Ndipo simu ikaita.

Katibu! Alikuwa mkali. Alisema ametazama ndege hadi kahawa imepoa, akanyamazisha sauti kwa sababu wajumbe walidhani kuna mtu anapigwa, akajaza fomu hadi swali la kumi na tisa, ambalo amesema halimhusu mtu yeyote duniani, na ilipomrudisha mwanzo akakutana na ndege tena. Alitaka kuacha. Kidole kikateleza hadi chini kabisa, akaona kiti cha buluu. Akaikuza picha aone mshono. Akawaita wajumbe wote wauone. Wakasema Bwana Pasi anapatikana vizuri, lakini mshono ni huu. Na walipoikuza zaidi, nyuma ya kiti, mlangoni, kuna namba nyekundu zimeinama.

Viti mia na themanini ni vyetu. Sharti moja: mshonaji awe yule yule wa kiti cha buluu.

Nilipiga yowe hadi mwoka mikate akaja na ndoo ya maji. Mama Uzi hakupiga yowe. Alisema tu kwamba havuki barabara leo, na kiti chenye mgongo anakitaka Jumatatu.

Jumapili, 9 Machi

Kiti cha Mama Uzi nimekimaliza kwa mkono wangu. Mgongo mrefu, sponji mbili, kitambaa cha buluu. Nilijipigilia kidole mara nne na sikuimba hata mara moja. Bwana Pasi alivuka kuja kunipongeza, akakikalia, akasema ni kizuri kuliko chake. Si mtu mbaya yule. Anahitaji tai tu.

Jumatatu, 10 Machi

Mama Uzi amekikalia kiti. Akasogea kushoto, akasogea kulia, akaegemea. Akafumba macho. Kisha akasema tuanze kazi, maana wenzake kumi na mmoja wamechelewa.

Nimekaa nikatafakari ushindi huu kitaalamu. Ni nini hasa kilichowavuta? Jibu liko wazi: tai. Bila tai Katibu asingekasirika, asingekasirika kidole kisingeteleza, kisingeteleza asingefika chini. Hesabu rahisi. Kwa hiyo tai mmoja hatoshi.

Leo nimepaka mlango upya. Mweusi tii, na juu yake tai wa dhahabu, mabawa kutoka bawaba hadi kitasa. Zile namba nyekundu zilikuwa zinambana bawa la kushoto. Nimezifuta. Profesa amepiga picha mpya ya mlango kwa ajili ya tovuti, akaiondoa ile ya zamani ya kiti cha buluu, macho yamemtoka. Watoto wa siku hizi wakiona ubunifu wanaishiwa maneno.

Tangu mchana simu haijaita hata mara moja. Wateja wapya wananiogopa. Ndivyo wakubwa wanavyoheshimiwa.