Bakteria wa Ukoo

Tarehe ishirini na mbili Desemba, katika baa moja ya nyama choma mjini Moshi, Aristides aliona mkanda ukilegezwa, na moyo wake ukachangamka. Mwenye mkanda alikuwa jamaa mnene aliyefika asubuhi ile kutoka Dar na gari jeupe, kaja kuhesabiwa nyumbani sikukuu kama Wachagga wote wenye adabu. Alikuwa amekula nyama ya mbuzi ya watu wawili peke yake, amelegeza mkanda tundu mbili, na sasa alijisugua tumbo akitazama dari kwa masikitiko.

Mtu mwingine angeona mlafi. Aristides aliona soko. Kila Desemba matumbo ya mjini hupanda mlimani kula ndafu, mtori, na kiburu cha ndizi na maharage siku kumi mfululizo, na kila Desemba matumbo hayo hulia. Mateso hayo aliyajua, maana tumbo lake mwenyewe lilijaa gesi tangu ujana, wala hakutoka nyumbani bila vidonge vya kutafuna mfukoni. Lakini mganga hajigangi, na isitoshe yeye hakuwa mganga. Mwaka jana alikuwa mpimaji viwanja, na mwaka juzi wakala wa viza za Kanada.

Akahamia meza ile, akasalimia, akauliza kwa upole kama tumbo lilianza kusumbua kabla ya kupita mji wa Same au baada. Jamaa, aliyeitwa Rodney, akafikiri, akasema baada. Aristides akainamisha kichwa kwa huzuni ya kitaalamu.

"Mangi, nyama haina kosa," akasema. "Tumboni mna bakteria wazuri, ndio wanaosaga chakula. Hilo hata mtoto wa shule analijua. Asilolijua ni kwamba kila ukoo una wa kwake. Kwenu wapi?"

"Uru."

"Basi. Miaka ishirini Dar, bakteria wa Uru wamekwisha mmoja mmoja, wamebaki wa Sinza. Bakteria wa Sinza ukimpa kiburu atakifanyia nini? Ila wa Uru ninao, kwenye chupa."

Rodney hakuwa mjinga. Alikuwa na tamaa, na tamaa ni mteja bora kuliko ujinga, kwa sababu mjinga huuliza dawa inatibuje, mwenye tamaa huuliza inauzwaje. Kabla bili haijafika mezani alikwishauliza kama Uru imepata wakala. Aristides akasema wapo wengi wanaoomba.

Kilichokosekana ni dawa yenyewe. Kesho yake Aristides akanunua mtindi uliododa sokoni, akautia maji, akaujaza kwenye chupa na kubandika lebo: BAKTERIA WA UKOO, URU. Za Mwika na Machame alizichapisha papo hapo, maana mtu wa Machame hatakunywa bakteria wa Kibosho hata akiwa taabani. Ila mtindi ni kitu hai. Kufika mchana vizibo vilianza kuruka kimoja kimoja, kimoja kikavunja balbu. Kundi la pili akaliweka jikoni, akalichemsha mpaka likatulia, akalichuja. Na ili mteja asijione amekunywa bure, kila chupa akaitia chumvi ya haluli, ile ya kuendeshea tumbo, kijiko cha kulia kimoja na cha baraka juu yake.

Rodney alipewa chupa moja ya majaribio. Ilimkuta akiangalia mpira, na haikusubiri mapumziko. Akapiga simu kwa furaha akitaka chupa sitini za kuwauzia ndugu zake, kwa bei mara mbili, kwenye kikao cha ukoo tarehe ishirini na saba. Sharti lilikuwa moja tu: bibi yake, Bibi Mektrida, abariki. Bibi asipokunywa, hakuna anayekunywa.

Sasa chupa sitini zinataka friji, kwa sababu maabara bila friji ni jiko. Friji pekee ambalo Aristides angeweza kulipata lilikuwa la mkewe, Doris, la kuuzia barafu sokoni Mbuyuni, limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu BARAFU ZA DORIS pamoja na namba ya simu. Doris alikuwa amepanda kwao Mwika mpaka tarehe ishirini na nane, na aliondoka na neno moja mlangoni.

"Viza nilikusamehe, viwanja nilikusamehe," alisema. "Ukigusa friji langu, usinifuate kwetu."

Hakusema kwa hasira, ndiyo maana Aristides aliogopa. Alimpenda mkewe, hilo halikuwa na ujanja ndani yake. Akajiambia friji litapanda Uru asubuhi na kushuka jioni, hata lenyewe halitajua lilikwenda wapi. Akayafunika maandishi kwa karatasi iliyoandikwa MAABARA, akavaa koti jeupe, akakodi kirikuu, kigari kidogo cha mizigo.

Kwa Bibi Mektrida walikuta ndugu kama arobaini wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya migomba, mbege, pombe ya ndizi, ikizunguka. Bibi alikuwa na miaka themanini na minne, mfupi, rozari shingoni na ufunguo ukining'inia kwenye kamba pembeni ya rozari.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni mtoto wa nani?"

Aristides akajibu kwamba yeye ni daktari wa matumbo.

"Kazi sijauliza," Bibi akasema, lakini akampa kiti.

Aristides alihutubia robo saa. Alieleza jinsi bakteria wa Uru wanavyolilia kurudi nyumbani, na mjomba mmoja kutoka Mwanza akafuta machozi. Rodney alipita nyuma akinong'ona bei. Bibi Mektrida akachukua chupa, akaifungua, akaisogeza sikioni. Alisikiliza kwa muda mrefu, amefumba macho. Kisha akairudisha.

"Nzuri," akasema. "Ila kwetu mwenye kinywaji huonja kwanza. Hata mbege yangu naionja mbele ya mgeni, ajue sikumwekea kitu."

Mila hiyo Aristides aliijua tangu utotoni, na funda moja halijamwua mtu. Akapiga funda.

"Hilo ni la nyumba yangu," Bibi akasema. "Ukoo huu una nyumba kumi na moja. Kila nyumba ina kata yake."

Kata zikaletwa, zimepangwa kwa umri wa wenye nyumba. Kwenye nyumba ya pili Aristides alijaribu kulowesha midomo tu. Bibi akamkumbusha kwa upole kwamba kata hugeuzwa juu chini, watu waone. Kwenye ya tatu alisema daktari haruhusiwi kuzidisha dozi. Bibi akauliza kama dawa ina madhara, na vichwa arobaini vikamgeukia. Akanywa. Na kwa kuwa wakala naye ni mwenye kinywaji, Bibi akaamuru Rodney aonje kila kata baada yake.

Kwenye nyumba ya tisa Rodney alisimama ghafla, akasema amesahau kitu Moshi mjini. Gari jeupe likatoka getini bila kupiga honi. Aristides alimaliza ya kumi na moja akiwa amekaa kwa adabu sana, jasho likimtoka, na ndani yake kulikuwa na harakati ambazo si za Uru wala za Sinza.

Akauliza choo kiko wapi. Kilikuwa pale pale, cha vigae, Rodney alikijenga mwaka jana, na kilikuwa na kufuli. Akatazama migomba. Mgombani walikuwa wamezikwa wazee watatu wa ukoo, na watoto wao wote arobaini walikuwa wakimtazama. Akautazama ufunguo shingoni mwa Bibi.

"Maziwa yaliyolala vizuri yana sauti," Bibi alisema bila haraka yoyote. "Yanaongea yenyewe chupani. Ya kwako yamenyamaza kwa sababu uliyapika. Hao bakteria umewaua wewe, halafu umekuja kutuuzia maiti zao. Umelipangia tumbo langu bei yako. La kwako nalo lina bei yangu."

"Bei gani, Bibi?" akauliza, amekunja magoti.

"Lile friji lina ufunguo. Huu nao ni ufunguo."

Aristides alimfikiria Doris mlangoni. Alimfikiria kwa dhati, karibu nusu dakika, muda mrefu kuliko alivyodhani anaweza. Kisha akatoa ufunguo wa friji.

Alipotoka chooni, baada ya muda ambao watu wa heshima hawaupimi, alikuwa mwepesi na mwenye akili mpya. Akachuma jani la sale kwenye mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, akapiga magoti, akamnyooshea Bibi kwa mikono miwili. Kwa mila ya Wachagga, mtu akiletewa sale hana ruhusa ya kukataa kusamehe, na Aristides alikuwa anaomba msamaha pamoja na friji ndani yake.

Bibi Mektrida akalipokea jani.

"Nimekusamehe, mwanangu, kabisa," akasema. "Sale halikutaja friji."

Akamnywesha mtindi wa kibuyu chake kutuliza tumbo, halafu akabandua ile karatasi ya MAABARA, akasoma namba ya simu, akaagiza apigiwe Doris.

Doris hakurudi Moshi tarehe ishirini na nane. Alipitia Uru, akakaa na Bibi siku nzima, na hao wawili wakaelewana, kisha Doris akarudi kwao Mwika. Friji lilirudi Mbuyuni limejaa mtindi wa Bibi Mektrida, hai kabisa, kwenye zile chupa za Aristides zilizooshwa, na kizibo kikiachwa legevu kidogo. Aristides akapanda Mwika na jani lingine la sale. Doris akamsamehe kwa sababu mila ni mila, kisha akataja masharti yake.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajahudumiwa, Aristides husimama mbele ya foleni, hunywa kikombe kizima na kukigeuza juu chini. Mwezi wa pili alitia mkono mfukoni kutafuta vidonge vyake, akakumbuka hajanunua tangu Krismasi. Tumbo lilikuwa kimya, kwa mara ya kwanza tangu ujana. 

Mama mmoja mbele ya foleni akamuuliza kama kweli mtindi huu unasaidia.

"Unasaidia," Aristides akasema, na safari hii ilikuwa kweli. "Mama, hata mimi mwenyewe mtindi huu umeniponya."

Yule mama akamtazama juu mpaka chini, akaliweka vizuri pochi lake kwapani, kisha akamgeukia Doris amuulize yeye.