Kwanza Pamba, Mwavuli Baadaye

Jumatatu, 6 Mei

Nimeduwaa. Nimeketi kwenye kigoda changu cha kazi, gundi imenikaukia vidoleni, na bado sijameza nilichoambiwa asubuhi wakati wa chai.

Mke wangu kasema mama yake anakuja kukaa nasi. Si kututembelea. Kukaa. Goti linamsumbua, ngazi za kwake zimemshinda. Nikasema karibu sana mama, nyumba ni yake. Kisha nikauliza, kwa adabu zote nilizolelewa nazo, je, atalala wapi? Mke wangu akanyoosha kijiko kuelekea chumba cha uani.

Chumba cha uani! Karakana yangu. Mahali pekee duniani ninapoitwa mhandisi, hata kama anayeniita ni mimi mwenyewe. Mna meza yangu, misasa yangu, makopo yangu ya rangi, na mna Malkia. Malkia ni roketi. Ya mfano, ndiyo, lakini roketi. Bomba la karatasi ngumu, urefu kama mkono wangu. Pua ya mbao laini. Mapezi matatu, mawili yamenyooka. Ndani kuna injini ndogo ya baruti na mwavuli wa nailoni wa kumshusha salama. Anaruka. Yaani, ataruka.

Nikajitetea. Jumamosi chama chetu cha warusha roketi kina mashindano. Mshindi anapewa kikombe. Mke wangu akatafakari, akasema basi, tuandikiane hapo hapo kwa mdomo: nikirudi na kikombe, chumba ni changu na mama atatengenezewa sebule. Nikirudi mikono mitupu, nihamishe takataka zangu siku hiyo hiyo.

Takataka. Chai ikanipalia. Nimekubali lakini. Mimi si mtu wa kushindwa. Huwa nashindwa, ila si mtu wa kushindwa.

Jumanne, 7 Mei

Balaa juu ya balaa. Mchana nilikuwa dukani nikimpiga msasa pezi la Malkia chini ya kaunta. (Nauza magodoro. Ni kazi tulivu, wateja wenyewe hujilaza.) Shemeji akaingia. Kaka wa mke wangu, kinyozi, mtu asiyejua tofauti ya msasa na kitana. Akaniambia huku akicheka kwamba naye amejiandikisha. Ametengeneza roketi yake wiki iliyopita. Je, naweza kumwazima gundi?

Nimemwazima. Mkono ulitoa, moyo ukakataa.

Nilirudi nyumbani mbio kumpaka Malkia rangi. Rangi ya msingi ilikuwa ya mafuta, bado mbichi kidogo. Juu yake nikapuliza ya kopo, ya waridi, maana kopo limeandikwa hukauka upesi. Nikageuka kupiga chafya. Kugeuka tena, Malkia amekunjamana mwili mzima. Rangi imejikusanya mistari mistari kama soksi iliyolegea.

Kumbe kuna zaidi. Nilikuwa nimefungua dirisha ili hewa ipite. Hewa ilipita. Ikaenda na rangi mpaka kwenye kamba ya nguo, kwenye blauzi nyeupe ambazo mke wangu huvaa kazini, mapokezi ya hoteli. Sasa zina madoa ya waridi. Nimemwambia huenda ni mtindo mpya. Ameziloweka kwenye ndoo, na ndoo ameiweka upande wangu wa kitanda.

Jumatano, 8 Mei

Nimepata siri!

Mpango ulikuwa hivi. Mwenyekiti wa chama hunyolewa kwa shemeji kila Jumatano. Nikatangulia, nikaketi, nikapakwa povu, nikafunikwa taulo la moto usoni. Nikaanza kukoroma. Nina kipaji cha kukoroma, hilo hata mke wangu hukiri.

Mwenyekiti akaingia, akaketi kiti cha pili. Shemeji, bila haya, akamuuliza mbele ya shemeji yake aliyelala: siri ya ushindi ni nini? Mashine ya kunyolea ilikuwa inanguruma, lakini nilitega masikio mpaka yakaniuma. Mwenyekiti akasema wengi hushindwa kwa jambo dogo. Akasema: kwanza pamba, mwavuli baadaye. Usiifanyie ubahili.

Nilisahau kukoroma.

Kwanza pamba! Yaani roketi, kwanza uipambe. Uirembe. Hayo mambo ya mwavuli ni baadaye. Na usiifanyie ubahili, roketi, weka mapambo ya kutosha! Na mimi siku zote nimekuwa nikihangaika na mapezi kunyooka. Miaka yote hiyo nimeliwa na ujinga wangu. Nimeshtuka jinsi jambo lilivyo rahisi.

Shemeji akaitikia tu, aha, sawa. Simwoni kama ameelewa. Kinyozi kazi yake kupunguza, atajuaje kuongeza?

Alhamisi, 9 Mei

Nimeomba ruhusa kazini, nimesema tumbo. Nimemkwangua Malkia mikunjo yote, nikampiga msasa mkavu, kisha wa maji, mpaka akawa laini. Nikapaka upya, safari hii nikisubiri kila koti likauke. Nyeupe, kisha waridi, kisha dhahabu kwenye pua. Nikabandika shanga kuzunguka shingo. Nikabandika vipande vya kung'aa kwenye mapezi. Bado nilimwona mtupu. Nikapata wazo la utepe wa lesi kiunoni.

Lesi niliitoa kwenye foronya ya wageni. Nani huangalia foronya?

Mama mkwe huangalia foronya. Amefika leo, siku mbili kabla ya ahadi, na sanduku lililonivunja mgongo. Kajilaza sebuleni kupumzisha goti, kisha akaniita. Akasema mwanangu, huu mto umenyolewa na nani? Nikasema labda panya. Akasema panya wa siku hizi wanatumia mkasi.

Baadaye kaja mpaka mlangoni mwa karakana, akamtazama Malkia kwa muda mrefu. Akauliza huyo bibi harusi anaolewa na nani. Halafu akatazama kuta, moja baada ya nyingine. Akapima kwa macho mahali pa kuweka kitanda. Niliona.

Ijumaa, 10 Mei

Vanishi niliyompaka jana usiku imekauka. Naweza kujitazama kwenye tumbo la Malkia na nikachana nywele. Sijawahi kumaliza kitu kikawa kizuri namna hii maishani mwangu. Nilitokwa na machozi kidogo, na si ya vanishi.

Tatizo, amekuwa mzito. Tatizo jingine, utepe nilioupitisha mpaka ndani umejaza bomba na mwavuli haukuingia. Niliusokomeza kwa mpini wa brashi, moja kwa moja juu ya injini. Ukaingia. Mwavuli baadaye, alisema mwenyewe.

Jioni shemeji alikuja kumwamkia mama yake, na roketi yake kwapani. Nilipoiona nilishangaa mpaka nikamhurumia. Haina rangi! Bomba la kahawia vile vile lilivyotoka, alama za penseli bado zinaonekana. Mapezi matatu yamenyooka, basi. Na jambo alilokuja kuniomba ndilo limenimaliza: kama naweza kumpa pamba kidogo ya magodoro kutoka dukani. Alisema ataichovya kwenye dawa kwanza.

Nilielewa mara moja. Majeraha. Anachubua wateja. Nilikuwa na mfuko mzima nyumbani, nikampa wote, nikamwambia pole pole na wembe, shemeji. Akanitazama kwa namna ya ajabu, akashukuru.

Nimelala nikitabasamu. Kesho kikombe.

Jumamosi, 11 Mei

Siwezi kuandika. Naandika.

Uwanja ulijaa. Nilipomfunua Malkia watu walipiga mluzi. Mama mmoja akaomba kupiga naye picha. Mwenyekiti akaja na ukaguzi wake, akamzunguka, akasema hajawahi kuona kitu kama hiki. Akauliza, pamba? Nikamjibu kwa fahari: nje na ndani, Mwenyekiti, sikufanya ubahili. Akaridhika, akapita. Mke wangu na mama yake walikuwa wameketi kivulini. Mke wangu alinipungia mkono. Tangu zile blauzi, ilikuwa mara ya kwanza ananitazama kama mume.

Wakahesabu. Nikabonyeza.

Malkia alisimama kwanza juu ya moshi wake, kama anayefikiria. Kisha akapanda, polepole, shanga zikidondoka. Alipita kimo cha miti. Watu wakashangilia. Moyo wangu ulikuwa juu pamoja naye. Kisha pu, mlio mdogo, wakati wa mwavuli kufunguka. Pua ya dhahabu ikachomoka. Nyuma yake likatoka donge. Jeusi, linafuka moshi, dogo kama ngumi. Ndio mwavuli huo. Umeyeyuka wote.

Malkia akageuka, akashuka wima, akaingia kwenye paa la turubai la gari la Mwenyekiti. Hakugonga. Aliingia. Nje yalibaki mapezi matatu, yanang'aa.

Mwenyekiti alitazama gari, akanitazama mimi, akauliza kwa sauti ya chini, ile pamba niliweka wapi. Nikaanza kumwonyesha, lesi hapa, shanga pale. Akafumba macho. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwambia mgonjwa. Pamba. Pamba yenyewe. Unaichovya dawa ya kuzuia moto, unaiweka juu ya injini, halafu ndipo unaweka mwavuli, ili baruti isiuunguze. Kwanza pamba, mwavuli baadaye.

Pamba. Mimi. Muuza magodoro ya pamba. Ninayelala, kula na kupiga chafya pamba. Na mfuko mzima nimempa shemeji kwa mkono wangu!

Roketi ya shemeji ilipanda mpaka ikawa nukta, ikafungua mwavuli, ikashuka taratibu karibu na miguu yake. Hakuhitaji hata kutembea. Kapewa kikombe. Kampa mama yake.

Nimehamisha vitu vyangu kabla jua halijazama. Mke wangu alinisaidia kubeba makopo na hakunicheka, na hilo liliniumiza zaidi ya kucheka. Makopo yako uvunguni mwa kitanda chetu. Mama mkwe yuko karakanani. Kikombe kiko dirishani, na ndani yake ametia meno yake ya bandia. Nimeyaona kwa macho yangu.

Jumapili, 12 Mei

Mwenyekiti alikuja asubuhi kuzungumzia paa la gari. Tukaelewana, kwa maana kwamba alisema na mimi nikakubali. Nilipokwenda jikoni kumwekea chai nikamwacha sebuleni na shemeji, aliyekuja kumwona mama yake. Wakaanza kunong'ona habari za mashindano yajayo. Nikasimama nyuma ya mlango na birika mkononi.

Mwenyekiti akasema safari ijayo siri ni kamba. Kamba ndefu. Kamba fupi humrudia mwenyewe usoni. Ifunge vizuri, uivute kidogo uone kama imeshika.

Mtu mjinga angefikiri kamba ni kamba. Hiyo ya kufungia roketi na mwavuli wake, mpira sijui, uzi sijui. Lakini mimi nimejifunza. Nimelipia somo hilo kwa Malkia wangu. Neno lina maana mbili, na safari hii sikurukia ya kwanza. Kumfunga mtu kamba ni nini? Ni kumdanganya. Kamba ni uongo! Uongo mfupi humrudia mwenyewe, nani asiyejua? Ukiwa mrefu unashika. Nilishangaa jinsi Mwenyekiti alivyo mjanja, na sura ile ya kipole.

Sikungoja mashindano. Nilianza hapo hapo kwenye chai. Nikamwambia mama mkwe, kwa masikitiko, kwamba daktari mmoja aliyekuja kununua godoro alinieleza kuhusu mvuke wa vanishi. Hauonekani. Hutoka kwenye kuta hata miezi baada ya kupaka. Haudhuru mapafu, unashuka chini, unatafuta magoti. Hasa goti ambalo tayari linauma. Mtu alilala chumba kama kile na sasa anabebwa. Nikaendelea, nikaweka na mjomba wa daktari, nikaweka na nchi za mbali. Ndefu.

Ikashika! Mama mkwe aliweka mkono mdomoni. Mke wangu alisimama, hata chai hakumaliza. Walimhamisha mama kutoka karakanani kabla birika halijapoa, yeye na sanduku na kikombe chenye meno.

Wamemhamishia chumbani kwetu. Atalala kitandani na binti yake, kitanda ni kipana. Mke wangu kasema mimi magoti yangu ni mazima, mvuke hautanifanya kitu.

Kwa hiyo naandika haya nikiwa karakanani, sakafuni, shuka moja. Chumba ni changu tena, nilivyotaka tangu Jumatatu. Makopo ya rangi yako uvunguni kule, sijayadai. Kesho nafunga kamba nyingine, ndefu kuliko hii, ya kurudisha kitanda.