Mkono wa Kumkaribisha Chifu

Jumatatu, 4 Agosti
Mji wetu wote wa Teshie utalijua jina langu. Jumamosi Chifu anakuja karakanani kuchagua sanamu ya kusimama langoni kwake. Mjomba, mwenye karakana, ameapa kwamba asiyechaguliwa atafunga virago. Tuko wawili tu, mimi na Naa Shormeh. Yeye anachonga swala, kimya kama yeye mwenyewe. Yangu ni mwanamume wa mti, mota begani, kompyuta ndogo tumboni. Mtu akikaribia, inanyanyua mkono kusalimu. Nani atataka swala?

Jumatano, 6 Agosti
Nimefunga nyaya za mkono, mimi na sanamu uso kwa uso. Nimeuweka upande wa kulia, sawasawa. Shormeh akapita na bonge lake la kenkey, ugali wa mahindi yaliyochachuka, akasema, “Kaka Odartey, hebu kasimame nyuma yake kwanza.” Nikamwambia ashughulike na pembe za swala wake. Wivu huo!

Ijumaa, 8 Agosti
Nimeongeza amri kwenye programu: mgeni asipoitikia, sanamu isalimu tena, kwa nguvu zaidi. Adabu ya hali ya juu. Sijaijaribu, nachelea kumaliza betri. Nikikosa hapa sina pa kwenda.

Jumamosi, 9 Agosti
Chifu kaingia chini ya mwavuli wake, msemaji wake mbele. Sanamu ikanyanyua mkono. Wa kushoto, mkono wa matusi! Kumbe kulia kwangu ni kushoto kwake. Watu wakashika vinywa. Chifu hakuitikia, basi ikampungia tena, kwa nguvu zaidi. Nikarukia waya wa betri niuchomoe. Ikanizaba kofi, kwa huohuo wa kushoto.

Msemaji akauliza taratibu, “Mzee, huu mti wako unamtukana nani?” Mjomba akapiga magoti. Tumetozwa faini ya kondoo na pombe ya kutambikia. Swala amekwenda langoni.

Jumapili, 10 Agosti
Patasi zangu zimo guniani. Nimelia, siwezi kuficha. Shormeh kaniombea kwa Mjomba, nibaki kwenye kona ya mlangoni hadi Krismasi.

Nimetafakari sana na kosa nimeliona: mikono. Sanamu mpya haitakuwa na mikono kabisa. Itamsalimu Chifu kwa kumwinulia mguu. Shormeh anasema niwaulize wazee kwanza.

Wivu tu.